Kipokezi cha tano kikigoma: kupanga kikomo cha kumbukumbu ya USB kwenye Linux

Juu ya paa letu Likoni kuna antena nyingi hadi mama mkwe aliuliza kama nimefungua kituo cha polisi. Chini yake ipo laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 2, imechomekwa vipokezi vya RTL-SDR (vijiti vya USB vinavyonasa mawimbi ya redio na kuiachia kompyuta iyachambue): kimoja kinasikiliza ndege kwenye MHz 1090, kimoja meli zinazoingia Kilindini kwenye MHz 162, cha tatu kinasoma kipimajoto cha MHz 433.92, cha nne ni redio ya FM. Vinne hivyo havikunisumbua. Nilipoongeza cha tano, programu ikakatika na `Failed to submit transfer`, ikanishauri niandike 0 kwenye `usbfs_memory_mb`, mpangilio wa kikomo cha kumbukumbu ya USB.

Nilibadili waya, nikabadili habu, nikamlaumu aliyeniuzia. Maskini, hakuwa na kosa.

Draiva ya USB ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, kwa kawaida ina kikomo cha MB 16 kwa programu zote zinazopitia usbfs, njia ya programu kuzungumza moja kwa moja na vifaa vya USB. Si MB 16 kwa kila kifaa. Zote zinakula sufuria moja. Maktaba ya RTL-SDR kwa kawaida huomba bafa (vipande vya kumbukumbu vya kushikilia data kwa muda) 15 za KB 256, yaani MB 3.75 kwa kila kipokezi. Vinne vinamaliza MB 15. Cha tano kinakuta ukoko.

Tazama kikomo chako:

`cat /sys/module/usbcore/parameters/usbfs_memory_mb`

Sasa ule ushauri wa 0. Sifuri ni kuondoa kikomo kabisa. Itafanya kazi, ila mimi siifuati: bafa hizi ni kumbukumbu ya keneli, hazihamishiki kwenda diski RAM ikibana, kwa hiyo programu moja yenye hitilafu inaweza kuomba na kuomba hadi mashine igande. Kwa GB 2, haichukui muda. Piga hesabu badala yake: 5 mara 3.75 ni 18.75. Mimi naweka 32, inayotosha hata vipokezi vinane.

`echo 32 | sudo tee /sys/module/usbcore/parameters/usbfs_memory_mb`

Usiandike `sudo echo 32 > ...`. Hapo anayepewa mamlaka ni echo tu. Alama ya `>` inatekelezwa na sheli yako ya kawaida (programu inayopokea amri zako), isiyo na mamlaka hayo, nawe utakataliwa. Huna haja ya kuwasha kompyuta upya, anzisha tena ile programu iliyogoma.

Ukizima, inarudi 16. Ili idumu, fungua `/etc/default/grub`, faili ya mipangilio ya GRUB, programu inayowasha Linux, na uongeze hii ndani ya alama za nukuu za `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`:

`usbcore.usbfs_memory_mb=32`

Kisha `sudo update-grub`, uwashe upya. Kwenye Raspberry Pi OS ya sasa, iongeze mwishoni mwa mstari wa `/boot/firmware/cmdline.txt`, mstari uleule, bila kubonyeza Enter. Utakutana na wanaoelekeza uweke faili ndani ya `/etc/modprobe.d`, ambayo hupanga moduli, yaani vipande vya keneli vinavyopakiwa kando. Kwenye Ubuntu, usbcore, ile sehemu ya USB, imejengwa ndani ya keneli yenyewe, faili hiyo haiigusi. Jumapili yangu nzima iliishia hapo.

Ikiwashwa, rudia `cat`. Ikisoma 32 na bado unaona `usb_claim_interface error -6`, tatizo si kumbukumbu tena: kuna aliyekishika kipokezi, mara nyingi draiva ya televisheni. Itoe kwa `sudo rmmod dvb_usb_rtl28xxu`.