SOMO: Gari lina mlio usioeleweka na waranti inakaribia kuisha

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni la wenye magari yaliyo bado kwenye waranti (dhamana ya mtengenezaji), hasa sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe ambao wakala wa gari mara nyingi yuko Dar. Waranti nyingi huandikwa miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia kufika ndicho kinachofunga. Ukizoea kwenda Dar, na kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwenda tu, kilomita zitakuwahi kabla ya miaka. Usiangalie kalenda peke yake.

Shikeni hili: mlio ambao haujaandikwa kwenye karatasi za wakala kabla ya mwisho wa waranti, ni vigumu sana kuudai baadaye.

Hatua ya 1. Soma kijitabu cha waranti, hasa ukurasa wa visivyolipiwa. Pedi za breki, wipa na matairi yaliyolika kwa matumizi kwa kawaida hayamo. Hakikisha sevisi zote zina muhuri.

Hatua ya 2. Ujue mlio wako. Hapa msiharakishe. Kwanza toa kila kitu ndani ya buti, kaza jeki na tairi la akiba, kisha endesha tena. Kama mlio bado upo, simamisha gari, weka hendibreki, piga resi taratibu. Ukisikika hapo, shuku upande wa injini: mikanda, maunti (mipira inayoshikilia injini), bati la juu ya ekzosi. Ukija gari likitembea tu, angalia miguuni, yaani vyuma na mipira inayobeba magurudumu. Ko-ko-ko kwenye matuta madogo kwa mwendo wa pole, mara nyingi ni linki za stabilaiza (vyuma vidogo vya kuzuia gari lisilale kwenye kona) au bushi (mipira ya kwenye maungio). Ta-ta-ta ukikata usukani hadi mwisho huku gari linatembea, shuku jointi za eksoli, yaani maungio ya vyuma vinavyozungusha magurudumu. Mvumo unaopanda na mwendo mara nyingi ni beringi za magurudumu au matairi. Ukikata kona ya kushoto uzito unahamia kulia, na mvumo ukiongezeka hapo, anza na beringi ya kulia. Mlio ukikatika unapogusa breki, mwambie fundi aanzie kwenye pedi.

Tafadhali sana, msiweke nyutro kwenye mteremko wa Mlima Nyoka au Kitonga ili msikilize vizuri. Injini inaacha kulishika gari, breki zinapata moto. Hakuna mlio wenye thamani hiyo.

Baridi yetu nayo ina neno. Juni na Julai asubuhi mpira wa bushi unakuwa mgumu na kulia, kufika saa sita mchana gari limenyamaza. Ukilipeleka mchana, fundi ataapa halina kitu. Andika saa, hali ya hewa, mwendo, gia, na abiria wangapi. Mwenzako akae pembeni arekodi kwa simu. Wewe shika usukani.

Hatua ya 3. Peleka malalamiko kwa maandishi. Usiandike "gari linalia". Andika hivi: "Linagonga mbele kushoto, mwendo wa 20 hadi 30, kwenye matuta, asubuhi kabla injini haijapata moto. Odomita inasoma kilomita 91,400."

Hatua ya 4. Fundi apande gari, wewe ukiwepo. Kama mlio ni wa asubuhi, omba gari lilale yadi wawashe likiwa la baridi.

Hatua ya 5. Soma jobu kadi (karatasi ya gereji inayoandika tatizo na kazi iliyofanyika) kabla ya kusaini. Hata wakiandika "tatizo halikuonekana", chukua nakala, maana ina tarehe na kilomita. Usitangulie kufunguafungua kwa fundi wa mtaani, utawapa sababu ya kukataa. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, mwandikie mtengenezaji, na ikibidi Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003.

MASWALI YA WANACHAMA

Tukuyu: Mkuu, waranti inaisha wiki ijayo na siwezi kufika Dar. Nimekwisha?

Jibu: Hapana, ila andika leo. Barua pepe yenye namba ya chesisi, picha ya odomita na ile sauti. Waombe wathibitishe kwa maandishi kwamba umeripoti ndani ya muda, wakupe miadi, na waseme kama wana gereji wanayoitambua hapa Mbeya. Simu piga, lakini isiwe badala ya maandishi.

Iringa: Shikamoo kaka. Langu ni la mtumba kutoka Japani, muuzaji alinipa miezi mitatu kwa mdomo.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ni ahadi ya muuzaji, si ya kiwanda. Mtumie ujumbe sasa hivi, mkumbushe tarehe na alichoahidi, ajibu. Wengi humaanisha injini na gia boksi tu, kwa hiyo muulize na miguu imo?

Uyole: Langu linalia nikipanda Isyonje na watu wanne tu. Nikiwa peke yangu kimya.

Jibu: Basi wapakie haohao wanne siku ya kumpeleka fundi, apite mlimani nanyi. Mwambie aangalie maunti za injini na ekzosi inapogusa bodi.

Makambako: Walibadilisha linki, bado inagonga, na waranti imeshapita.

Jibu: Kama ni mlio uleule, rudi na jobu kadi ya kwanza. Uliripoti ndani ya muda, na kazi ile haijakamilika. Uliza pia ile linki mpya ina waranti yake ya muda gani.