Ukoo wa Kiayalandi unaanzia kitongojini

Tuliooa au kuolewa ughaibuni tunajikuta na watoto ambao nusu ya ukoo wao hatuijui. Upande wangu si kazi: nikipiga simu Nyeri, shangazi ananitajia vizazi vitano kabla chai yake haijapoa. Upande wa baba yao niliambiwa neno moja tu, "Ayalandi". Ukifungua kompyuta na neno hilo peke yake ukaandika Murphy, jina la ukoo lililoenea kuliko yote kule, utazama siku hiyo hiyo.

Tafuta kitongoji kwanza. Kisiwa kizima kina kaunti 32, na ndani yake vitongoji zaidi ya 60,000, na nyaraka nyingi za zamani zimepangwa kwa mahali. Mtu akikuuliza kwenu ni wapi ukamjibu "Kenya", atakuuliza tena. Na masjala za Ayalandi zitakuuliza vivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba jina la kitongoji mara nyingi hulipati Ayalandi, unalipata kule babu alikohamia. Mimi nilimwendea mama mkwe na sahani ya mandazi, nikaiwasha simu irekodi, nikamwacha aongee. Ilichukua alasiri mbili, nyingi yake ikiwa ni ugomvi wa shamba ambao hata wahusika wamekwisha kufa, ndipo akakumbuka kwamba jiwe la kaburi la nyanya yake limechongwa kaunti na parokia alikotoka. Basi tazama makaburi, tanzia za magazetini, na daftari za ndoa za parokia ya Kikatoliki mjini kwao. Karatasi za uraia wa Marekani zinavunja moyo, kwani nyingi za zamani zinasema Ayalandi tu. Gazeti la Pilot la Boston, kuanzia 1831 hadi 1921, lilichapisha matangazo ya watu wanaotafuta ndugu waliopotezana nao, na mengi yanataja hadi parokia.

Ukishapata mahali, vuka bahari. Utaambiwa kila kitu kiliungua. Kweli, tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hazina ya nyaraka pale Four Courts, majengo ya mahakama mjini Dublin, iliteketea, na sensa za 1821 hadi 1851 zikaenda nayo isipokuwa vipande. Zile za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe, bila bomu wala risasi. Lakini sensa za 1901 na 1911 zipo, na unazisoma bure katika tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Umri wa 1911 usiuapie. Pensheni ya waliotimiza miaka 70 ilianza 1909, na wazee wengi walizeeka zaidi ya miaka kumi ndani ya ile kumi!

Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vilianza kuandikwa kwa watu wote mwaka 1864; tovuti ya irishgenealogy.ie inakuonyesha picha zake bure. Cheti cha kuzaliwa kinataja jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, na hapo ndipo kizazi kingine hufunguka. Usishangae mtoto akibatizwa kabla ya "kuzaliwa": wazazi waliochelewa kuandikisha walisogeza tarehe ili wakwepe faini. Kabla ya 1864 tegemea daftari za parokia zilizowekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa, nyingi zikifika hadi 1880 hivi. Nyingine ni za Kilatini, kwa hiyo Jacobus ndiye James na Guilielmus ndiye William. Kwa kaunti sita za kaskazini, nenda PRONI, ofisi ya nyaraka za umma ya Ayalandi ya Kaskazini, Belfast.

Jina la ukoo lisikukwamishe. O' ni mjukuu au mzao wa fulani, Mac ni mwana wa fulani, na wengi walivikata vipande hivyo kisha wakavirudisha. Bridget naye anaweza kuwa Delia kwenye karatasi nyingine. Majina ya kwanza ndiyo yaliyonifurahisha mimi Mkikuyu: kwa desturi, mvulana wa kwanza aliitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, sawasawa na kwetu. Wasichana tu ndio wamegeuzwa, wakianza na nyanya mzaa mama. Haikuwa sheria, ila inakuelekeza pa kuchimba.

Neno la mwisho ni la pasipoti. Mwenye babu au nyanya aliyezaliwa katika kisiwa hicho anaweza kuomba aandikishwe kuwa raia wa Ayalandi. Uraia huo hauwarudii watoto aliokwisha kuzaa. Mzazi lazima awe ameandikishwa kabla mtoto hajazaliwa. Wangu wawili walitangulia. Mkiwa bado mnapanga mtoto, karatasi zitangulie kitanda chake.