Jinsi ya kuvumilia honi ukiwa na L Kisumu

Kwanza ujue hivi, ile L nyekundu ya mtu anayejifunza kuendesha gari haikupi heshima yoyote pale Kondele, watu wakiiona ni kama umewaomba wakupigie honi. Mimi gari ilinizimia hapo, nyuma kuna mat (matatu), makanga ametoa kichwa dirishani ananiuliza kama nimekuja kuuza omena, na vile alikuwa anapiga kelele ndivyo mguu ulizidi kutetemeka kwa klachi, nikazima tena.

Sasa ikikuzimia, achana na kioo cha nyuma kwanza. Vuta handibreki, kanyaga klachi mpaka chini, weka frii, washa, tia gia ya kwanza, alafu achilia klachi polepole huku ukiongeza mafuta kidogo mpaka usikie gari inatetemeka na pua inataka kuinuka, hapo ndio unatoa handibreki. Wacha wapige tu, honi haijawahi kusukuma gari.

Kwa raundiabauti anayetoka kulia ndiye wa kupishwa, lakini usitegemee tuktuk ikupishe wewe hata ukiwa na haki. Boda naye atapenya kushoto, so kabla ukate kona cheki hiyo side mara mbili.

Mat ikikumulikia taa kwa nyuma usikimbizwe, shikilia kushoto ipite. Mwenye amekupea njia muinulie mkono, mara nyingi huwa ni dereva wa lori, sijui kwa nini.

Na mazoezi anza Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani.