Kutunza ukurutu kwa mafuta ya nazi, mwarobaini na shubiri

Ukurutu, ambao siku hizi watu wengi huuita pumu ya ngozi, hauna dawa ya kuung'oa moja kwa moja, iwe ya hospitali au ya shambani. Huja, hutulia, kisha hurudi, na makazi yake ya kawaida ni mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, na kwa watoto wachanga mashavuni. Anayeahidi kuumaliza kwa chupa moja ana haja ya kuuza chupa. Hata hivyo, mafuta na majani ambayo familia za mwambao zimeyatumia kwa vizazi vingi yanaweza kupunguza mwasho na kurefusha vipindi vya nafuu, mradi yaandaliwe kwa usafi na yafuate mpangilio.

Nasema mpangilio kwa sababu kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni imani kwamba dawa inayochoma ndiyo inayofanya kazi. Mtoto hulia, mama humwambia avumilie kwa kuwa "ugonjwa unatoka", kumbe kinachotoka ni ngozi. Ngozi yenye ukurutu inafanana na paa la makuti lililochakaa: unyevu wa ndani unapotea, na vumbi, sabuni na vijidudu vinapata njia ya kuingia. Chochote kinachoikwangua au kuiunguza, hata kiwe kimetoka kwenye mti wenye sifa gani, kinaongeza matundu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kuziba paa, na majani yanakuja baadaye.

Hakikisha kwanza kwamba ni ukurutu

Magonjwa kadhaa ya ngozi huwasha na kubabuka, na tiba ya mmoja huweza kuuchochea mwingine. Choa hutengeneza duara lenye ukingo ulioinuka na katikati iliyotulia, nayo ni kuvu. Hutibika kwa dawa ya kuvu kutoka duka la dawa, na haipaswi kupakwa krimu ya kutuliza mwasho inayotumika kwa ukurutu, kwa sababu krimu hiyo huificha na kuilea. Upele huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, kwenye viganja na kiunoni, na dalili yake kubwa ni kwamba nyumba nzima inajikuna. Huo hutibiwa kwa watu wote wa nyumba kwa siku moja, pamoja na kufua na kuanika juani nguo na mashuka. Soriasisi huwa na magamba mazito meupe juu ya viwiko, magoti na kichwani. Baka lenye rangi hafifu au nyekundu ambalo halisikii ukiligusa kwa pamba linahitaji kuonwa kituo cha afya bila kuchelewa, kwani huenda likawa ukoma, na ukoma unatibika kabisa kwa dawa zinazotolewa bure. Vipele vinavyowasha mwili mzima kwa miezi kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa na shida ya ngozi ni sababu ya kutosha ya kupima virusi vya UKIMWI.

Jambo moja huwachanganya wengi: picha nyingi za ukurutu zinaonyesha ngozi nyeupe iliyowiva wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na sehemu yenye ugonjwa huwa ya kijivu, ya zambarau au nyeusi zaidi ya kawaida, kavu, yenye vipele vidogo vilivyosongamana kama punje za mchanga. Ikipona huacha doa jeusi au jeupe linaloweza kukaa kwa miezi. Doa hilo si ugonjwa uliobaki, na kulichubua kwa krimu za kung'arisha ni kujitafutia ugonjwa mpya.

Kuoga na kupaka: kazi kubwa iko hapa

Oga mara moja kwa siku kwa maji ya vuguvugu, kwa muda usiozidi dakika kumi. Maji ya moto hutuliza mwasho kwa dakika chache kisha huurudisha kwa nguvu, na kwa sababu hiyo hiyo kujifukiza, ambako watu hukupenda kwa mafua, hakumfai mwenye ukurutu. Weka kando dodoki na jiwe la kusugulia. Sabuni ya mche ni ya nguo. Tumia sabuni isiyo na manukato, na hata hiyo iishie kwapani, kwenye nyayo na sehemu za siri, kwa kuwa mikono na miguu ya mtu asiyelima siku hiyo haihitaji povu. Jifute kwa kubonyeza taulo bila kusugua, na ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta.

Mafuta ya nazi yasiyochomwa sana yamethibitisha sifa yake. Utafiti wa Ufilipino uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia watoto 117 wenye ukurutu wa kadiri kwa wiki nane, na waliopakwa mafuta ya nazi walipata nafuu kubwa kuliko waliopakwa mafuta ya madini, yaani yatokanayo na petroli ghafi. Kuyatengeneza nyumbani si kazi ngumu. Chukua nazi nne zilizokomaa, uzikune, tia maji ya vuguvugu kiasi cha kulowesha tu, kamua tui la kwanza na ulichuje kwa kitambaa safi. Liache lilale usiku mmoja likiwa limefunikwa, asubuhi engua krimu iliyopanda juu, na maji yaliyobaki chini uyamwage. Bandika krimu hiyo kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo sana ukikoroga mara kwa mara. Mwanzoni itachemka kwa kelele. Maji yakikauka kelele hupungua, mafuta hujitenga, na mashapo huanza kugeuka rangi ya dhahabu. Hapo ndipo pa kuepua. Ukisubiri mashapo yawe meusi utapata mafuta yenye harufu nzuri ya kupikia lakini yaliyoungua. Chuja ndani ya chupa iliyokauka kabisa, kwa sababu tone la maji likibaki ndani mafuta yataota uvundo. Wanaoishi kwenye baridi ya Iringa au Lushoto wasishangae yakiganda. Mafuta ya nazi huganda yanaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kuyashika kiganjani kunatosha kuyayeyusha.

Paka asubuhi na jioni, hata siku ambazo ngozi ni safi. Kama nazi haipatikani, mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanafanya kazi hiyo hiyo ya kuziba paa, na mafuta ya alizeti nayo yanafaa. Mafuta ya zeituni, ambayo wengi huyaheshimu kwa sababu za kidini na za mapishi, yameonekana katika utafiti kudhoofisha ukuta wa nje wa ngozi, kwa hiyo kwa ukurutu yabaki jikoni.

Maji ya mwarobaini

Mwarobaini ulifika mwambao wetu kutoka Bara Hindi, na jina lake linatokana na sifa ya kutibu maradhi arobaini. Majani yake yana uwezo wa kupunguza bakteria na kuvu, jambo lenye manufaa kwa ngozi iliyokunwa mpaka ikapata mikwaruzo, ingawa sifa arobaini ni za heshima zaidi kuliko za hesabu. Kabla ya kuchuma, hakikisha mti ni wenyewe. Kuna ndugu yake, Melia azedarach, anayepandwa sana kwa kivuli na kuni, na ambaye matunda yake ni sumu. Mwarobaini una maua meupe, na vijani vyake vyenye meno vimepangwa pande mbili za ufito mmoja. Yule mwingine ana maua ya zambarau, na fito zake hugawanyika tena kabla ya kutoa vijani.

Osha konzi mbili za majani mabichi, yachemshe katika lita mbili za maji kwa dakika 15, funika, yaache yapoe, kisha chuja mara mbili ili vipande vya majani visibaki. Changanya na maji safi kwenye ndoo ya lita 10. Oga kama kawaida, kisha jimwagie maji haya mwishoni bila kuyasuuza, jifute kwa kubonyeza na upake mafuta ya nazi. Mara tatu kwa wiki zinatosha, kwa kuwa kila siku hukausha ngozi. Yaliyobaki yasilale, maji ya majani huharibika ndani ya siku moja, na kuyamwaga juu ya mikwaruzo kesho yake ni kupanda vijidudu.

Wengine hupenda kusaga majani mabichi pamoja na bizari ya manjano wakayapaka kama rojo zito. Mchanganyiko huo ulijaribiwa India kwa wagonjwa 814 wa upele, katika ripoti iliyotoka mwaka 1992, na wengi sana walipona, ingawa hapakuwa na kundi la kulinganisha. Lakini huo ulikuwa upele. Kwa ukurutu rojo hilo hukauka, huvuta ngozi na kuongeza mwasho.

Kunywa ni habari tofauti, nami nakataza bila kuzunguka. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwasababishia watoto wadogo degedege na kupoteza fahamu walipopewa kwa mdomo, na mama mjamzito hapaswi kunywa mwarobaini kwa namna yoyote.

Ute wa shubiri

Jani la shubiri lina vitu viwili, na asiyevitenganisha hujiumiza. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu, unaoharisha ukinywewa na unaowasha ukipakwa. Katikati kuna ute mweupe unaopenyeza mwanga, na huo ndio dawa. Kata jani la nje lililokomaa, lisimamishe kwenye kikombe kwa dakika 15 utomvu uchuruzike, lioshe, menya ganda kwa kisu kikali ukiacha unene kidogo ili usichukue tabaka la njano, kisha suuza ute wenyewe. Paka safu nyembamba mahali panapowaka, subiri dakika kumi, halafu paka mafuta juu yake, kwa sababu ute pekee una maji mengi na ukikauka huiacha ngozi ikiwa imekakamaa. Kwenye jokofu hukaa siku mbili. Tumia Aloe vera iliyopandwa. Shubiri za porini ni aina nyingi, na si zote zenye ute wa kupakwa.

Iwe mwarobaini au shubiri, anza kwa kujaribu. Paka kiasi cha shilingi upande wa ndani wa mkono, mahali pasipo na ugonjwa, asubuhi na jioni kwa siku tano mfululizo. Ukiona vipele, uvimbe au mwasho, mmea huo haukufai, na hakuna sababu ya kuupunguza makali ili uuzoee. Anzisha mmea mmoja tu kwa wakati, uupe wiki tatu, na uandike kwenye daftari ulichopaka, ulichokula na hali ya ngozi, maana kumbukumbu ya mtu anayejikuna usiku haiaminiki.

Vya kuviacha

Ndimu ndiyo ninayoihofia zaidi. Maji yake yakikutana na jua juu ya ngozi huiunguza kabisa, na hata ngozi isiyo na ugonjwa hutoka malengelenge na madoa yanayokaa muda mrefu. Kitunguu saumu kibichi kikifungiwa kwenye ngozi huacha kidonda cha moto. Magadi, mafuta ya taa na maji ya betri, ambayo bado yanasimuliwa vijiweni, hayahitaji maelezo. Singo, mchanganyiko wa kusugulia mwili, ni fahari ya mabibi harusi wa Unguja, lakini karafuu, mawaridi na viungo vyake vilivyosagwa ni mkwaruzo na manukato kwa pamoja. Bibi harusi mwenye ukurutu amwombe somo wake amwachie mafuta matupu.

Krimu za "miti shamba" zisizo na lebo zinastahili shaka ya pekee. Mwaka 2003 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walipima krimu 24 za mitishamba zilizokuwa zikipakwa watoto wenye ukurutu, na 20 kati yake zilikuwa na steroidi, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe na mwasho, zilizofichwa. Ishara ni rahisi: ngozi inatakata ndani ya siku tatu, na ukiacha inalipuka upya kuliko mwanzo. Ikipakwa kwa miezi huikondesha ngozi na kuichora michirizi. Steroidi yenyewe si adui. Daktari akikuandikia ya nguvu inayofaa, kwa siku alizotaja, itumie pamoja na mafuta yako ya nazi. Hatari iko kwenye kuipaka usoni mwa mtoto bila kujua kwamba unaipaka.

Nenda kituo cha afya ukiona ukoko wa rangi ya asali, usaha, homa, malengelenge madogo yaliyokusanyika yenye maumivu, ugonjwa unaozunguka macho, au wiki mbili zikipita bila nafuu. Katika Tanzania, maofisa wa magonjwa ya ngozi waliofunzwa katika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha kanda cha mafunzo hayo kipo tangu mwaka 1992, wanapatikana katika hospitali nyingi za mikoa. Unapokwenda, chukua daftari lako na tawi la mti uliotumia, lenye majani na ua kama lipo, kwa sababu jina la mti hubadilika kila baada ya vijiji vitatu na mhudumu hawezi kuuliza athari za mmea asioujua.