Kabla hujapimwa kingamwili, andika historia ya damu yako

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu hapa Kisumu. Mgonjwa akianza kutafuta figo ya kupandikizwa, huuliza kwanza gharama, halafu nani wa nyumbani atatoa. Mimi humuuliza mengine: umewahi kuongezewa damu? Umebeba mimba ngapi?

Nina sababu. Chembe za kila mtu zina alama ziitwazo HLA, nusu za baba, nusu za mama. Mwili ukikutana na alama za mtu mwingine kupitia damu, mimba au figo ya awali, huweza kutengeneza kingamwili za kuzipiga vita. Siku figo mpya yenye alama hizo ikiingia, kingamwili zinaweza kuiua figo hiyo mgonjwa akiwa bado mezani. Mwaka 1969 Patel na Terasaki walichapisha hesabu ya figo 30 zilizopandikizwa ilhali damu ya mgonjwa ilikuwa na kingamwili dhidi ya mtoaji: 24 zilikufa papo hapo. Kipimo cha kuzigundua, kwa kukutanisha damu ya mgonjwa na chembe za mtoaji, ndicho krosimachi.

Basi nunua daftari. Andika kila mara ulipoongezewa damu: mwaka, hospitali, sababu, painti ngapi. Usiseme "sijawahi" kabla hujamuuliza mama au shangazi yako. Huku kwetu watoto wengi huongezewa damu kwa malaria kali au selimundu, na mtoto wa miaka miwili hakumbuki. Mama mmoja aliniapia kwamba hajawahi. Binti yake akamgusa mkono, akasema, "Mama, na ile siku ya mapacha?" Alikuwa amevuja damu nyingi akijifungua, akapewa painti mbili akiwa hajitambui.

Kisha mimba, zote, hata zilizoharibika mapema. Hapa ndipo ukweli hupotea, kwa sababu mume na mama mkwe wameketi kando ya kitanda. Dada, mwambie sista unataka kuongea naye faragha. Mimba uliyoificha miaka yote hiyo ina uzito kwenye matibabu haya, na sisi hatukuulizi ili tukuhukumu.

Utauliza, kwani maabara si itaona yenyewe? Si mara zote. Kingamwili hupungua kadiri miaka inavyopita hadi kipimo kisizione, lakini chembe zenye kumbukumbu zinabaki zimelala. Figo ikiingia, zinaamka. Daktari mwenye daftari lako mkononi anaweza kuchagua mtoaji mwingine au kukupangia dawa kali zaidi tangu mwanzo.

Siku ya kutoa sampuli, damu yako ichukuliwe kabla hujaunganishwa na mashine, kwa maana heparini, dawa tunayotumia kuzuia damu isigande, huweza kuvuruga kipimo. Damu ya mtoaji isiwekwe kwenye barafu, kwani chembe zake nyeupe zinatakiwa zifike hai. Kama mnapelekwa Eldoret, Hospitali ya Rufaa ya Moi, mtoaji asafiri mwenyewe akatolewe damu hukohuko.

Kuna pia PRA, kipimo cha kuona kingamwili zako zinakataa watu wangapi; majibu yake huja kwa asilimia. PRA ya 80 maana yake katika watu 100, takriban 80 wana alama ambazo kingamwili zako zinazikataa. Wengi wakiona namba hiyo hulia, nami huketi nao. Wale 20 wapo, ila watatafutwa kwa bidii zaidi. Omba maabara itaje alama zenyewe zinazokataliwa, maana namba peke yake haikuonyeshi mtoaji.

Jambo hili wanawake waliozaa walijue mapema: kingamwili za mimba hulenga alama za baba wa watoto. Kwa hiyo mume anayejitolea kwa moyo wote anaweza kukataliwa, na hata mtoto mkubwa, maana amebeba nusu ya alama za babake. Kaka na dada zako hawakurithi alama za mumeo. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana nawe alama zote. Wapigie simu.

Damu ikishuka, usikimbilie kuongezewa. Uliza kwanza kuhusu sindano za erithropoietini, homoni ya kuusukuma mwili utengeneze damu, na madini ya chuma. Hata hivyo, daktari akisema maisha yako yamo hatarini, pokea damu, na uulize kama wanayo iliyochujwa chembe nyeupe. Inapunguza hatari, ingawa haiiondoi kabisa.

Ukiongezewa, andika siku hiyohiyo, na uwaarifu wanaokuandaa kwa upasuaji. Watakupima tena baada ya wiki mbili hadi nne, kwa sababu kingamwili mpya hazionekani siku ya kwanza. Krosimachi ya mwisho hufanywa upasuaji ukikaribia, hata kama ya kwanza ilitoka safi.