Pete ya brasi ya mpini wa kisu: kubana bomba bila kulipasua

Hapa Katwe, Kampala, tunatengeneza visu vya wachinjaji. Shingo ya mpini, pale mvule unapokutana na chuma, huvalishwa pete ya brasi (shaba iliyochanganywa na zinki) ili mbao isipasuke. Shida ni kipimo: mpini wangu unataka pete ya 20 mm kwa nje, na bomba ninalolipata kwa wauza vyuma chakavu ni 22 mm. Basi tunalibana.

Hatua ya 1: Chagua bomba

Anza na sumaku. Ikinasa, umeuziwa chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Halafu, brasi si moja. Ile ya koki za maji mara nyingi ina risasi ndani yake, yaani ledi; hukerezeka vizuri lakini ukiibana inavunjika kama biskuti. Tafuta bomba jembamba lililovutwa kiwandani. Inayovumilia zaidi ni ya shaba 70% na zinki 30%, ambayo ndiyo hutumika kwenye maganda ya risasi za bunduki. Na kwa kuwa nimelitaja hilo: vijana huniletea maganda, nami huyakataa. Moja likiwa na fataki nzima (kile kiwashio cha baruti) kitakoni litakutoa jicho, na polisi nao watataka maelezo.

Hatua ya 2: Kata

Kipande cha 30 mm. Piga tupa, toa makali ya ndani.

Hatua ya 3: Lainisha kwa moto

Kazi yote iko hapa. Brasi ikibanwa inakuwa ngumu, ukizidi kuibana inapasuka. Moto ndio unaoirudishia ulaini.

Funga mlango upate giza kidogo, lakini acha dirisha la nyuma wazi. Simamisha pete juu ya tofali, zungusha moto wa gesi pande zote. Itageuka kahawia, kisha zambarau, kisha rangi hizo zitafifia. Endelea taratibu mpaka uone wekundu hafifu, ule ambao ukifungua mlango hauonekani tena. Toa moto hapo hapo.

Ukipitisha, punje za ndani zinakua, na ukibana uso unatoka vinundu kama ganda la chungwa. Ukipitisha zaidi utaona moshi mweupe: hiyo ni zinki inaungua, na usiku utatetemeka kwa homa ukidhani ni malaria. Mafundi husema unywe maziwa. Mimi nasema usiuvute.

Tumbukiza kwenye maji. Brasi haikazi kama chuma cha kisu, maji yanakupunguzia kungoja tu. Sugua kwa limau na chumvi, suuza, kausha.

Hatua ya 4: Bana

Mwombe mkereza akutobolee bamba la chuma la 12 mm matundu manne: 21.5, 21, 20.5 na 20, kila moja likiwa na mdomo uliopanuka kama faneli. Pakaa grisi kwa kidole, nyembamba. Ikizidi hujikusanya na kuacha bonde kwenye pete. Sukuma kwa jeki au jiliwa, tundu baada ya tundu. Ukitoka kwenye 21, futa grisi yote na urudie moto. Pete ikilia ukiisukuma, simama, imekauka au imekaza.

Ikitoka tunduni hujitanua kidogo, kwa hiyo amini venia (kifaa cha kupimia milimita), usiamini namba ya tundu. Pima na ndani pia, maana ukuta wa pete hunenepa inapobanwa. Ikibana mpini kupita kiasi, ilainishe tena, kisha itanue kwa chuma cha mviringo kilichochongoka.

Hatua ya 5: Moto wa mwisho

Mchinjaji mmoja wa Bombo alinirudia na visu vitatu. "Fundi, pete zako zimepasuka zenyewe, sikuzigusa!" Nikambishia. Kumbe alivitunza ghalani, ukuta mmoja na banda la kuku. Kinyesi cha kuku hutoa amonia, na amonia huipasua brasi iliyobaki na mkazo wa kubanwa ndani yake. Risasi za jeshi la Uingereza kule India zilipasuka hivyo hivyo msimu wa mvua karibu na mazizi ya farasi, na wataalamu walieleza sababu mwaka 1921. Mimi nilijifunza kwa kurudisha pesa.

Tangu siku ile, pete iliyokamilika naipeleka kwenye oveni ya mwoka mikate, nyuzi 250 kwa saa moja. Haigeuki laini, ila mkazo unatulia.

Hatua ya 6: Vesha

Usiigonge iingie kwa nguvu. Mvule ukivimba wakati wa mvua utaitanua pete, na mkazo ule ule utarudi. Chonga mbao hadi pete iteleze kwa mkono, pakaa gundi ya epoksi, futa inayotokeza, na usikiguse kisu mpaka kesho asubuhi.