Usitupe mbegu za boga

Ukipasua boga, usitupe mbegu. Zioshe, zianike juani, kisha zikaange bila mafuta mpaka zianze kudatika. Gramu 100 za kiini chake zina protini kama gramu 30, wakati nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikiwa mbichi, ina kama gramu 21. Madini ya chuma nayo ni karibu miligramu 9, wakati nyama ina 2 na kitu.

Lakini tusidanganyane kwa namba hizo. Mbegu ni kavu, nyama mbichi sehemu kubwa ni maji, na hakuna anayekula gramu 100 za mbegu kwa mkupuo. Nusu ya uzito wake ni mafuta, na nishati ya gramu hizo 100 ni zaidi ya kalori 500. Konzi moja, gramu 30 hivi, inakupa protini gramu 9, na hiyo bado ni nzuri sana kwa nyumba ambayo nyama hupikwa Jumapili tu.

Chuma cha mbegu mwili hukifyonza kwa shida kuliko cha nyama. Kwa hiyo zitwange, uzitie kwenye mchicha, ukamulie ndimu au ule na chungwa. Chai ya rangi isubiri saa moja hivi, maana hupunguza ufyonzwaji huo.

Vitamini B12, inayosaidia mwili kutengeneza damu, kwenye mbegu hakuna kabisa. Asiyekula nyama aitafute kwenye mayai, maziwa au dagaa. Watoto wadogo wapeni zilizosagwa laini, nzima zinaweza kuwakaba.